Mcheza Kwao na Chanda Chema: Tafakuri juu ya Tuzo na Ufadhili wa Wanafunzi wa Sanaa

Lugha ya Kiswahili ina methali mbili juu ya tuzo ambazo wasemaji huzitaja kwa mkupuo mmoja, kana kwamba zina maana moja. Ya kwanza yasema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ya pili yasema kwamba chanda chema huvikwa pete. Katika sherehe za kuwapongeza wanafunzi, hasa wale waliofaulu katika uchoraji, uchongaji, muziki au maigizo, ni nadra kumsikia mgeni wa heshima akimaliza hotuba yake bila kuitaja mojawapo, au zote mbili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hizo zina ugomvi kati yao, na kwamba ugomvi huo si wa maneno tu. Ya kwanza huiweka sababu ya tuzo katika uhusiano: mchezaji hutunzwa kwa kuwa watazamaji ni watu wake. Ya pili huiweka katika sifa ya kitu chenyewe: chanda huvikwa pete kwa kuwa ni chema, awe mwenye chanda hicho ni jamaa au mgeni. Mtu anayemtuza msanii mchanga hana budi kujua anaifuata ipi kati ya hizi, kwani kila moja ina haki yake na ina dhuluma yake.

Swali letu basi ni hili: tunapomtuza mwanafunzi wa sanaa, au tunapomlipia masomo, tunatenda tendo gani? Je, tunamlipa alichostahili, tunamsaidia katika shida, tunajitafutia heshima, au tunalipa deni letu wenyewe? Wahakiki wetu wameligusa swali hili kwa nadra. Tumezoea kuhakiki kazi iliyoshinda, lakini ushindi wenyewe tumeuacha mikononi mwa wagawa zawadi.

Tutalitazama swali hili tukiwa tumesimama Merigi, wadi ya Bomet Mashariki katika nchi ya chai ya Wakipsigis. Mahali hapa hapajulikani kwa chuo cha sanaa, na hiyo ndiyo sababu ya kupachagua. Aliyezaliwa huku na akataka kusomea uchoraji au muziki hana budi kuondoka, aende Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta, au avuke mpaka hadi Makerere. Kuondoka huko kunategemea majani ya chai, maziwa, mahindi, bonasi ya mwezi wa Oktoba, na hisani ya watu wengine. Katika mji mkubwa wenye majumba ya maonyesho, tuzo ni pambo juu ya maisha ambayo yangeendelea hata bila tuzo hiyo. Huku, aghalabu, ndiyo inayoamua kama maisha ya usanii yataanza.

Tuzo si ufadhili

Tuanze na maneno yenyewe. Neno tuzo limetokana na kutuza, na kutuza kuna picha yake mahususi katika utamaduni wa pwani. Mwimbaji wa taarabu anapofikia ubeti uliomgusa msikilizaji, msikilizaji huinuka, husogea mbele huku akicheza, na humpa mwimbaji fedha mkononi. Tendo hilo hutimia papo hapo. Halidai kitu kwa mwimbaji baadaye. Halimuulizi kama ana njaa au ameshiba. Halimfungi kurudi kesho. Linajibu jambo lililokwisha kutendeka, nalo hutendwa hadharani kwa sababu hadhara ni sehemu ya jibu lenyewe.

Neno ufadhili lina asili nyingine. Fadhila humshukia mtu mwenye upungufu, na hutazama mbele: mfadhili hutoa leo kwa ajili ya jambo ambalo bado halijawa. Kwa hiyo ufadhili hauna budi kuuliza maswali mawili ambayo tuzo haiulizi, yaani, huyu anahitaji nini, na anatazamiwa kuwa nani? Kila swali kati ya hayo huingia ndani ya maisha ya mpokeaji kwa namna ambayo fedha ya taarabu haiingii.

Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, katika risala yake juu ya fadhila, aliigusa tofauti hii kwa ufupi lakini kwa usahihi mkubwa. Alisema kwamba ipo misaada inayopasa kutolewa hadharani, kama vile nishani na heshima, kwa kuwa thamani yake huongezeka watu wanapoijua; na ipo inayopasa kutolewa kwa siri, asijue mtu ila aliyesaidiwa, nayo ni ile inayoondoa ufukara au aibu. Kanuni hii ina umri wa karibu miaka 2000, nasi huivunja kila muhula. Katika sherehe zetu mwanafunzi aliyechora picha bora na mwanafunzi asiye na karo huitwa jukwaani kwa mpango mmoja, hushikishwa bahasha zinazofanana, hupigwa picha na mgeni yule yule, na makofi yao hayatofautiani. Wa kwanza ameheshimiwa. Wa pili umaskini wa nyumba yao umetangazwa kwa kipaza sauti.

Atakayepinga atasema kwamba hakuna aibu katika umaskini usio wa kujitakia, na kwamba siri ndiyo mlango wa ufisadi: fedha za umma zisipotolewa hadharani, zitaliwa. Hoja hii ina uzito, hasa nchini Kenya, ambako tangu 2003 basari za maeneo bunge hutolewa kutokana na kodi za wananchi. Hata hivyo, kinachopasa kuwa wazi ni hesabu, yaani kiasi kilichotolewa, kanuni zilizofuatwa, na watu waliokaa katika kamati. Uso wa mtoto si hesabu. Mkaguzi wa fedha hahitaji kumwona akishukuru.

Kuna dhuluma nyingine ndogo inayotokana na mchanganyiko huu, nayo huwaumiza wenye vipaji kuliko wengine. Tuzo inapofanana na msaada, washindi huanza kutiliwa shaka. Picha imeshinda kwa kuwa ni njema, au kwa kuwa baba yake amefariki? Mwanafunzi mwenyewe hawezi kulijibu swali hilo, na anaweza kuliishi kwa miaka mingi. Nadhani ukatili huu haukukusudiwa na yeyote, nao ni wa kweli vilevile.

Zumari na mpiga zumari

Katika kitabu cha tatu cha Siasa, Aristotle anatoa mfano ambao wanafalsafa wa haki hawajauacha hadi leo. Iwapo kuna zumari za kugawa, anasema, zumari bora apewe mpiga zumari bora, si mwenye nasaba bora wala mwenye sura nzuri. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba mfano huu unatetea stahiki. Ukisomwa kwa makini, hata hivyo, unasema jambo zaidi ya hilo. Zumari haitolewi ili kumsifu mpigaji. Hutolewa kwa kuwa ni chombo cha kazi, na kazi hiyo itafanyika vyema zaidi mikononi mwake. Kwa maana hii zumari ya Aristotle iko karibu zaidi na ufadhili wa masomo kuliko na kikombe cha ushindi.

Lakini mfano huo una pengo, na pengo lenyewe huonekana wazi zaidi Merigi kuliko Athens. Tutamjuaje mpiga zumari bora mahali ambapo wengi hawajawahi kushika zumari? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, sanaa na muziki vilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viliondolewa katika mtihani huo ili kuwapunguzia wanafunzi mzigo. Kila aliyefundisha anajua yanayolipata somo lisilotahiniwa: kipindi chake hupewa Hisabati. Shule za sekondari zilizoendelea kufundisha sanaa na ubunifu hazikuwa nyingi, na kwa kawaida zilikuwa zile zilizokuwa na rangi, karatasi na mwalimu tangu awali. Kwa hiyo kamati ya ufadhili ilipotafuta kipaji, ilikiona pale ambapo chombo kilikwisha kuwako. Mtaala wa Umilisi umeirudisha sanaa darasani na kuipa, pamoja na michezo, njia yake katika shule za upili za juu. Kama njia hiyo itapitika vijijini sawasawa na mijini ni jambo litakalotegemea walimu na rangi, si waraka.

Hapa ndipo John Rawls anapoingia. Katika kitabu chake cha 1971 juu ya nadharia ya haki, alidai kwamba hakuna anayestahili vipawa alivyozaliwa navyo, wala mazingira yaliyomwezesha kuvikuza. Wako wanaohitimisha kutokana na dai hili kwamba kumtuza msanii ni kumtuza mwenye bahati. Hatuoni kwamba hitimisho hilo ni la lazima. Tunaweza kukiri kwamba mkono wa mchoraji ni urithi asioufanyia kazi, na bado tukasema kwamba picha aliyoichora ni njema, kama vile tunavyousifu utenzi bila kujali kwamba mtunzi alirithi sikio la mizani kwa mama yake. Tuzo husema juu ya kazi. Ikisema juu ya mtu kwamba yeye ni bora kuliko wenzake kwa asili, imevuka mpaka wake.

Mfano wa Rosemary Karuga unastahili nafasi hapa, kwa kuwa unayatia majaribuni yote tuliyoyasema. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kwa kipimo cha siku zile alikuwa amepata yote ambayo ufadhili unaweza kutoa. Kisha akarudi Kenya, akafundisha shule kwa miongo kadhaa, akalea watoto, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwa na jina katika sanaa. Alipoirudia kazi yake kwa nguvu katika miaka ya 1980, hakuwa na uwezo wa kununua rangi. Alichukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikata, akazibandika, akatengeneza kuku, swala, wanawake na vichaka kwa rangi zilizokuwa zimekwisha chapishwa na wenye viwanda. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum, Harlem, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika. Alifariki mwaka 2021.

Wengi husimulia habari za Karuga kama ushahidi kwamba kipaji hakizuiliki. Sisi tunazisoma kinyume. Kati ya cheti cha Makerere na ukuta wa Harlem kuna takriban miaka 38, na hakuna anayeweza kutuonyesha picha ambazo hazikuchorwa katika miaka hiyo. Ufadhili wa masomo hulipia miaka ya kujifunza. Haulipii meza, mwanga, rangi wala saa tupu za asubuhi. Daktari akihitimu hukuta hospitali imejengwa. Mchoraji akihitimu hukuta ukuta mtupu, ambao si wake. Sherehe ya kumpongeza aliyepata ufadhili wa sanaa ina kasoro hii ya kudumu, kwamba hushangilia mwanzo kana kwamba ni mwisho, na watu wote hurudi nyumbani wakati ambapo kazi ya kumsaidia ndiyo kwanza imefika.

Kibuyu hakipewi kikombe

Wakipsigis hawakungoja shule ili kujua tuzo. Mtu aliyerejea na ushindi alivikwa sinendet, mmea utambaao wenye majani ya kijani, na desturi hiyo inaendelea: wanariadha wanaporudi kutoka ng'ambo huvishwa mmea huo shingoni na kunyweshwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet. Wilson Kiprugut wa Kericho, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki kwa shaba yake ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, alifungua njia ambayo baadaye ilipitiwa na wengi, na picha ya mshindi akinywa kutoka kibuyuni imekuwa nembo ya eneo zima la Bonde la Ufa.

Sinendet hainunuliwi wala haiuzwi. Baada ya siku chache hunyauka. Wagiriki wa Olympia nao waliwavika washindi wao jani la mzeituni. Yamkini jamii nyingi zilifahamu kwamba tuzo iliyo safi kabisa ni ile isiyo na bei, kwa kuwa kitu kisicho na bei hakiwezi kugeuka mshahara. Fedha zinapoingia, kama zinavyoingia lazima katika masomo, usafi huo hauwezi kulindwa kikamilifu, na si haki kuwalaumu maskini kwa kutaka karo kuliko taji la majani.

Lakini tukitazame kibuyu chenyewe. Sotet ni kazi ya sanaa kwa kila kipimo tunachokitumia. Buyu huchaguliwa kwa umbo, husafishwa, husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet unaoyapa maziwa harufu na rangi yake ya kijivu. Nje hupambwa kwa ngozi, shanga na simbi kwa mpangilio ambao si wa kubahatisha. Aghalabu ni kazi ya wanawake. Mbele ya kamera zote za uwanja wa ndege, kibuyu hicho hushikwa na waziri, hunywewa na mwanariadha, na hakuna anayeuliza nani alikitengeneza. Chombo cha kutuzia hakijapata tuzo. Aliyeshinda kwa sekunde anajulikana dunia nzima. Aliyefanya ushindi huo uonekane na uonjwe hana jina hata kijijini mwa jirani.

Jambo hili si la bahati mbaya. Linatokana na namna tunavyoainisha. Tuzo za shule za sanaa zimejengwa juu ya tofauti kati ya sanaa na ufundi, na tofauti hiyo ililetwa ikiwa imekwisha tengenezwa. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937 na ambaye chuo hicho baadaye kilibeba jina lake, aliujali ufundi wa Uganda kiasi cha kuandika, pamoja na Klaus Wachsmann, kitabu kikubwa juu yake kilichotoka mwaka 1953. Hata hivyo kilichopelekwa London mwaka 1939 kuonyeshwa katika Imperial Institute kama sanaa ya wanafunzi wake kilikuwa picha na sanamu. Buyu lilibaki katika fani nyingine, fani ya makumbusho. Na msichana wa Merigi anayejua kupanga shanga za sotet kuliko mama yake hawezi kuiweka stadi hiyo katika kasha la kazi za kuombea chuo, ila kama akikutana na mwalimu mwenye macho.

Nani amwamuaye mwamuzi?

Hapa tunafika penye ugomvi wa methali zetu mbili kwa sura yake kali zaidi. Ili chanda kivikwe pete, lazima awepo wa kusema kwamba ni chema. Huyo ni nani?

Trowell alikataa kuwafanya wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia hadithi au kuwaeleza tukio, kisha akawaacha wachore walichokiona moyoni. Kwa wakati wake huo ulikuwa msimamo wa heshima. Lakini aliyeamua kipi kilikuwa Kiafrika cha kutosha katika picha hizo alikuwa ni yeye, aliyesoma Slade, London. Cecil Todd alipompokea mwaka 1958, mizani ikabadilika: historia ya sanaa ya Ulaya na umahiri wa mbinu vikapewa uzito zaidi. Mwanafunzi aliyekuwa bora chini ya mizani ya kwanza hakuwa na hakika ya kuwa bora chini ya pili, ingawa mkono wake ulikuwa ule ule.

Mtu angetazamia kwamba wale waliochaguliwa na mizani hiyo wangeishia kuwa watumwa wake. Haikuwa hivyo kila mara, na ndiyo maana hatuwezi kuwafuata wale wanaodai kwamba kila ufadhili ni kamba shingoni. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alipelekwa Slade katika miaka ya 1950, akarudi akiendelea kuchora Kilimanjaro yake: migomba, watu wakilima kwa ujima, nyumba na njia, katika mtindo ambao walimu wa London hawangeweza kudai kuwa wao ndio waliomfundisha. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku imo katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Gregory Maloba, Mkenya mwenzao wa Makerere, alichonga mnara wa uhuru wa Kampala mwaka 1962. Elimo Njau, wa Marangu, aliyeanzisha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, alifanya vita dhidi ya kunakili kuwa wito wa maisha yake. Hawa walikula chakula cha mfadhili bila kuimba wimbo wake.

Fasihi ina mfano wake. Mashindano ya kuandika hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 hadi 1958 yalimpa ushindi Muhammed Said Abdulla kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na kwa ushindi huo Bwana Msa akaingia katika riwaya ya Kiswahili pamoja na kiko chake. Hapa tuzo ilifanya zaidi ya kupima kilichokuwako. Iliita kitu ambacho pengine kisingeandikwa, au kingeandikwa na kubaki sandukuni. Vivyo hivyo tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2015, iliambatanishwa na uchapishaji wa miswada. Tuzo inayoishia kwa kikombe humwacha mtunzi alipokuwa. Inayofungua njia ya kitabu, ukuta au jukwaa imemgusa mahali panapostahili.

Kwa hiyo dai letu si kwamba mwamuzi asiwepo, bali kwamba atoe sababu. Katika tamasha za muziki nchini Kenya, zilizoanza mwaka 1927, na za maigizo ya shule, zilizoanza mwaka 1959, imekuwa ada kwa waamuzi kuzungumza na washiriki juu ya kilichofaulu na kilichopungua. Watoto hukasirika, walimu hunung'unika, na mara nyingine mwamuzi hukosea waziwazi. Lakini sababu iliyotamkwa inaweza kupingwa. Tuzo isiyo na sababu haina tofauti na sadaka, hata ikiwa imefungwa utepe.

Na kuna kazi ambazo mwamuzi wake hakuwa mtu wa kwao kabisa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita nchi ya Wakipsigis akirekodi nyimbo, na huko Kapkatet wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala ambaye jina lake lilitokana na lile la mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers, aliyesikika kwao katika santuri. Wimbo huo ukazunguka dunia. Wasikilizaji wa mbali walisema ni mojawapo ya vito vya mkusanyo mzima wa Tracey. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla nakala za rekodi hizo kurejeshwa eneo hilo na kusikilizwa na wazee waliokuwa vijana siku ile. Wasichana wale walikuwa wacheza kwao, na kwao hawakuwa na haja ya pete. Walipokuwa chanda chema, walikuwa chema kwa watu ambao hawangeweza kuwafikia. Methali zote mbili zilitimia kwa nusu, na nusu hizo hazikukutana.

Zawadi inapokuwa deni

Yaliyotangulia yamechukulia kwamba mtoaji alikuwa huru kutoa au kutotoa. Katika nchi ya chai dhana hiyo haina budi kuchunguzwa. Mashamba makubwa ya Kericho na Bomet yalipandwa juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai waliondolewa enzi za ukoloni. Mwaka 1934 sheria mahususi ilitungwa ya kuwahamishia Watalai Gwassi. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba waathiriwa hawajapata fidia, na mwaka 2022 malalamiko yalipelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya dhidi ya Uingereza. Tuchukulie sasa, kwa ajili ya hoja tu, kwamba mwenye shamba la namna hiyo anatoa ufadhili kwa mjukuu wa aliyehamishwa ili akasomee uchongaji. Je, ametoa zawadi?

Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya 1925, alionyesha kwamba zawadi huzaa wajibu wa kupokea na wa kurudisha. Lakini wajibu huo huzaliwa pale tu ambapo mtoaji ametoa kilicho chake. Anayemrudishia mwenzake sehemu ya alichomchukulia hajafadhili. Amepunguza deni, na shukrani anazozidai ni deni jipya analomwongezea aliyedhulumiwa. Kutokana na hili haifuati kwamba mwanafunzi akatae fedha hizo. Achukue, asome, achonge. Kinachofuata ni kwamba hana wajibu wa kusimama jukwaani na kushukuru, na kwamba akichonga siku moja sanamu inayoyakumbusha mashamba yale yalikotoka, hatakuwa mtovu wa fadhila. Wale wanaopenda kutukumbusha kwamba ukimfadhili mbuzi utakunywa mchuzi lakini binadamu atakuudhi, hawana budi kwanza kuuliza mbuzi alikuwa wa nani.

Ni tofauti kabisa na mchango wa harambee. Pale mama mchuma chai anapotoa shilingi 100 kutoka bonasi ambayo alikuwa ameipangia mambo mengine, ametoa chake. Hapa deni la shukrani ni la kweli, nalo ni zito kuliko la mfadhili tajiri. Kijana aliyechangiwa hivyo huambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba atarudi. Lakini atarudi na nini? Mwalimu au muuguzi hurudi na huduma inayotambulika siku ya kwanza. Mchoraji huenda akarudi na picha ambazo waliomchangia hawazipendi, au hawazielewi, au zinazowaonyesha jinsi wasivyotaka kuonekana. Tungependa kusema kwamba anadaiwa kazi njema tu, pasipo utii. Mama yule, hata hivyo, ana haki ya kujibu kwamba hakuchangia nadharia ya urembo. Alichangia mtoto wa jirani, kwa kuwa ni wa kwao. Kwake yeye methali ya kwanza ndiyo iliyomfungua mkono, na mhakiki anayemfundisha ya pili baada ya fedha kutolewa anaingia katika mkataba ambao hakuwapo ulipofungwa.

Kwa kadiri tunavyoweza kuona, njia iliyobaki ni mchoraji huyo kuzipeleka picha kwa mama kwanza, kabla ya Nairobi na kabla ya Harlem: azitundike katika ukumbi wa shule au wa kanisa pale Merigi, akae karibu nazo, asikie zikipingwa, aeleze sababu zake kama mwamuzi wa tamasha anavyoeleza zake. Ukumbi huo kwa kawaida upo. Kuta zake zina kalenda, ratiba ya vipindi, na orodha ya waliofaulu mtihani mwaka hadi mwaka. Misumari inayozishikilia inaweza kushikilia na kitu kingine.